Utomvu wa Mti Mikononi mwa Mkunga

Kila mama aliyewahi kujiandaa kwenda kujifungua anakijua kifurushi kile: kanga mbili tatu safi, plastiki ya kulalia, uzi wa kufungia kitovu, wembe mpya, pamba, na jozi kadhaa za mipira ya mikono, ile ambayo wengi wetu tunaiita glavu. Hapa Kibaoni, Ifakara, akina mama huanza kukikusanya mapema, kitu kimoja leo na kingine mwezi ujao, kadiri fedha za mpunga zinavyopatikana.

Usiku mmoja wa masika, miaka mingi iliyopita, tulikuwa zamu katika zahanati moja ng'ambo ya mto Kilombero. Aliletwa mama wa uzazi wa tatu akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli, uchungu umekwisha kumkolea. Mama mkwe wake alitukabidhi kifurushi, na kila kitu kilikuwamo. Tulipovaa glavu ya kwanza ilichanika kiganjani kama karatasi iliyolowa. Ya pili ilichanika kwenye kidole gumba. Ya tatu ilinata na kuvutika kama ubani uliotafunwa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Kabatini tulikuwa na jozi moja tu ya akiba, tukaivaa hiyo. Alizaliwa mtoto wa kike, akalia vizuri, nasi tukamshukuru Mungu.

Lakini mama mkwe hakutulia. "Manesi wangu," akatuambia, "yaani yule mwenye duka ameniuzia vitu vibovu, mimi mtu mzima?"

Kulipokucha tulikichunguza kifurushi pamoja naye. Mwenye duka hakuwa na kosa lolote, na tarehe ya mwisho ya kutumika ilikuwa bado mbali. Katika mfuko ule ule kulikuwa na chupa ya mafuta ya nazi ya kumpaka mtoto. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na mafuta yalikuwa yameivujia pakiti ya glavu kwa majuma kadhaa.

Kwa nini mafuta yanayolainisha ngozi ya mtoto mchanga yageuke kuwa adui wa glavu? Swali hilo halikutuacha. Tulipolitafutia jibu tulijikuta tukisoma habari za miti, tena miti inayoota katika bonde letu hili hili.

SHANGA ZILIZOTUNGWA

Mimea ina namna yake ya kujenga. Huchukua kijichembe kimoja kidogo, ikakiunga na kingine kama hicho, na kingine tena, mpaka unapatikana mnyororo wa maelfu ya vijichembe. Wataalamu huuita mnyororo huo polima. Sisi akina mama tufikirie shanga zilizotungwa kwenye uzi. Shanga za sukari zikitungwa kwa namna moja, tunapata wanga wa mchele na wa muhogo. Sukari hiyo hiyo ikitungwa kwa namna nyingine, tunapata selulosi, ambayo ndiyo pamba na gozi tunazofungia vidonda. Utomvu wa mti wa mpira una shanga za aina nyingine kabisa, na mnyororo wake una tabia ya kujikunja. Ukiuvuta hunyooka, ukiuachia hurudi. Ndiyo sababu mpira hunyumbuka.

Kwa hiyo hospitali imejaa mimea kuliko mgonjwa anavyodhani. Kidonge cha kawaida mara nyingi kimeshikanishwa kwa wanga, na wanga huo huo ndio hukifanya kivunjike kikifika tumboni. Nyuzi za kushonea vidonda zilitengenezwa kwa pamba na kwa kitani kwa miaka mingi.

Tukirudi kwenye mpira: utomvu peke yake hauwezi kufanya kazi ya glavu, kwa maana hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huacha tabia hiyo. Salfa hufunga mnyororo mmoja na mwingine hapa na pale, kama mvuvi anavyofunga mafundo ya wavu. Wavu huvutika, lakini hausambaratiki.

Sasa jibu la swali la mafuta. Minyororo ya mpira na mafuta ni vitu vya tabia moja, na hupendana. Mafuta hupenya katikati ya minyororo, wavu ukavimba, ukalegea, na ukivutwa kidogo tu unapasuka. Hufanya hivyo mafuta ya nazi, ya alizeti, ya mgando, na hata losheni yenye mafuta. Jua kali nalo hukata minyororo yenyewe. Mama msomaji, ukipata glavu zako ziweke katika mfuko wake peke yake, mbali na mafuta, mbali na dirisha, wala si karibu na jiko. Na kwa wanandoa wanaotumia kondomu, pengine kwa sababu mmoja wao anaishi na virusi vya UKIMWI, jambo ni lile lile: nyingi zimetengenezwa kwa utomvu huu, na zikipakwa mafuta huharibika kwa dakika chache tu. Wengi wetu tunaona haya kuyasema haya. Sisi wauguzi tumeona matokeo ya kunyamaza.

KISAMVU CHA MPIRA NA MABUNGO

Mpira si mgeni katika nchi yetu. Akina mama wengi wanakijua kisamvu cha mpira, majani ya ule mti unaofanana na muhogo ila ni mrefu na haufi upesi. Mti ule una asili ya Brazil, na Wajerumani waliupanda kwa wingi hapa, hasa mkoani Tanga, ili wavune utomvu wake. Mwaka 1913 bei ya mpira iliporomoka kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa rahisi. Mashamba ya Wajerumani yakaachwa, sisi tukabaki na mboga.

Na kabla ya hapo kulikuwa na mbungo. Watoto wetu wanapokunywa juisi ya mabungo hawajui kwamba mmea ule unaotambaa porini hutoa utomvu wa mpira ukikatwa. Mwishoni mwa karne ya 19 utomvu wa mbungo na wa jamaa zake ulikuwa bidhaa kubwa iliyobebwa kutoka kusini mwa nchi hadi bandari za Kilwa na Lindi. Huko Kongo, jamaa wa mbungo walileta msiba. Katika utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908, wanawake walifungiwa kama rehani mpaka waume zao warudi kutoka msituni na kiasi cha mpira kilichotakiwa, na walioshindwa waliuawa au kukatwa mikono. Tunalitaja hili kwa kuwa siku hizi mtu akisikia kitu "kimetoka kwenye mmea" hudhani moja kwa moja kwamba hakina dhambi. Mmea hauna dhambi, ni kweli, lakini namna ya kuuvuna ni jambo la wanadamu.

Mti unaotumika leo duniani ni mwingine tena, nao pia ni wa Brazil. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alizitoa mbegu zake huko na kuzipeleka Uingereza, na kutoka hapo miche ikapelekwa Asia. Leo Thailand, Indonesia na nchi jirani zao ndizo zinazoongoza kwa utomvu, na Malaysia inajulikana kwa kutengeneza glavu.

MUUGUZI ALIYEUMWA MIKONO

Wauguzi wenzetu watafurahi kujua kwamba glavu za upasuaji zilianza kwa ajili ya muuguzi. Mwaka 1889, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, kulikuwa na muuguzi wa chumba cha upasuaji aitwaye Caroline Hampton. Dawa kali walizokuwa wakinawia mikono zilimchubua vibaya, akawa karibu kuacha kazi. Daktari wake, William Halsted, aliiomba kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Mikono ikapona, na mwaka 1890 daktari na muuguzi wakafunga ndoa. (Kazini kwetu jambo hili likisimuliwa halikosi kicheko.) Miaka ilipita ndipo ikaonekana kwamba hata wagonjwa walinufaika. Mwaka 1899 daktari mwenzao, Joseph Bloodgood, alionyesha kwamba vidonda vya wagonjwa waliopasuliwa kwa glavu vilipata uchafu mara chache zaidi.

Kwetu Tanzania, dada zetu waliotutangulia walikuwa wakizifua glavu, kuzianika kwenye kamba, kuzijaribu kwa kuzijaza hewa kama zinavuja, kuzinyunyizia unga na kuzichemsha kwa mvuke ili zitumike tena. UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza hapa nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ndio uliobadilisha mambo. Ilibidi kila mguso wa damu uwe na glavu, na glavu mpya.

PUTO LINALOZUIA DAMU

Utomvu huu haukai mikononi tu. Mpira wa mkojo anaowekewa mama aliyekaa na uchungu kwa muda mrefu mara nyingi umetengenezwa kwa huo, na mpira huo, ukiwekwa mapema na kukaa siku za kutosha, humsaidia mama aliyeumia kibofu asipate fistula. Wapo akina mama wanaoulilia utolewe upesi kwa sababu unakera. Tunawaomba wavumilie.

Jambo lililotushangaza zaidi lilitoka Bangladesh. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dakta Sayeba Akhter, mama mtaalamu wa uzazi mjini Dhaka, alikuwa akiwapoteza wazazi waliotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Maputo maalumu ya kuwekwa ndani ya mji wa mimba yalikuwapo katika nchi tajiri, lakini bei yake haikushikika. Yeye akachukua kondomu, akaifunga kwa uzi kwenye mpira wa mkojo, akaiingiza katika mji wa mimba na kuijaza maji ya dripu. Puto likajaa, likakandamiza mishipa kutoka ndani, damu ikakoma. Habari zake zilichapishwa mwaka 2003, na njia hiyo ikaenea nchi nyingi, ikiwamo jirani yetu Kenya. Vitu viwili vya utomvu wa mti, na uzi.

Tusiipambe kupita kiasi. Kwanza hutangulia dawa za kukaza mji wa mimba, kuukanda, kuhakikisha kondo la nyuma limetoka lote na kushona palipochanika. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2021, lilisema puto litumike pale hayo yaliposhindikana, tena mahali ambapo upasuaji na damu vinapatikana haraka na watumishi wamefundishwa. Maana yake ni kwamba mama anayetokwa damu kijijini bado anahitaji gari la wagonjwa. Tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, safari ya kutoka Ulanga na Malinyi kuja Ifakara si kama zamani tulipokuwa tukikesha tukisubiri kivuko.

MPIRA UNAPOMKATAA MTU

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, muuguzi hodari, aliyeanza kuwashwa mikono. Alibadilisha sabuni, akapaka kila aina ya mafuta. Wapo waliomwambia amerogwa na mtu anayeitaka nafasi yake. Baadaye ikawa kila akivaa glavu anapiga chafya, macho yanavimba, na siku moja kifua kilimbana wodini. Ulikuwa mzio wa protini zilizomo katika utomvu. Alipopewa glavu zisizotokana na mpira wa mti alipona, na bado yuko kazini.

Si kila mwasho ni mzio. Mara nyingi ni jasho na sabuni isiyosuuzwa vizuri. Lakini kama midomo yako huvimba ukipuliza puto, au huwashwa na kupata vipele ukiguswa na glavu, mweleze muuguzi kabla hajakupima. Baadhi ya watu wa namna hii hudhuriwa pia na ndizi, parachichi au papai, kwa sababu protini za matunda hayo hufanana na za mpira. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi na watu waliopasuliwa mara nyingi wako katika hatari zaidi kuliko wengine, basi mama wa mtoto kama huyo asiache kuuliza.

Hata ule unga mweupe uliokuwa ukinyunyizwa ndani ya glavu ulikuwa wanga wa mahindi, mmea mwingine tena. Ulionekana hauna neno, kumbe ulibeba protini za mpira hewani, watu wakazivuta puani, na ukibaki ndani ya tumbo la mgonjwa aliyepasuliwa ulileta uvimbe. Marekani ilizipiga marufuku glavu za unga kuanzia Januari 2017.

Kwa hiyo glavu za naitraili na za vinaili, zitokanazo na mafuta yanayochimbwa ardhini, zina kazi yake, na hatuwezi kuzibeza. Ila hazitoki shambani, na zikitupwa zinachukua muda mrefu mno kuoza. Za vinaili, zikichomwa kwenye shimo nyuma ya zahanati, hutoa moshi wenye sumu. Glavu ya utomvu huoza, ingawa polepole, kwa maana ile salfa inaishikilia. Iwe ya aina yoyote, glavu iliyotumika ni takataka yenye maambukizo, na mahali pake ni kwenye tanuri la hospitali. Tumewahi kuwakuta watoto wakipuliza glavu walizookota jalalani, wakifurahi kupata maputo yenye vidole vitano.

KALUNGA MPAKA MAKAMBAKO

Wilaya yetu ya Kilombero ina shamba la mpira, la Kalunga. Lilianzishwa pamoja na lile la Kihuhwi, Muheza, ili kulisha kiwanda cha matairi cha General Tyre kule Arusha, na baadaye yote mawili yakawa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Kiwanda cha matairi kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Miti haijui habari za viwanda. Mti wa mpira huanza kugemwa ukiwa na miaka mitano hadi saba, na ukitunzwa hutoa utomvu kwa miaka ishirini na zaidi bila kukatwa. Mgemaji huamka alfajiri, huchana gome kidogo kwa mshazari, na utomvu mweupe kama maziwa hutiririka mpaka kwenye kikombe. Jua likipanda, utomvu hupungua.

Na upande wa pili, Bohari ya Dawa, MSD, imejenga kiwanda cha mipira ya mikono pale Idofi, Makambako, mkoani Njombe. Abiria wa treni ya TAZARA anayepanda Ifakara hupita Mlimba, akapanda milima, akashuka Makambako. Reli ni hiyo hiyo moja. Akina mama wengi tunaosali nao, tukiwaeleza habari hii, husema: basi si wachukue utomvu wa Kalunga wapeleke Makambako?

Laiti ingekuwa kama kupeleka maziwa. Mpira wa matairi huweza kugandishwa na kukaushwa hapo hapo shambani, ukasafirishwa kama vitambaa vigumu. Glavu haitengenezwi hivyo. Glavu hutengenezwa kwa kuchovya umbo la mkono ndani ya utomvu ulio majimaji, na utomvu huanza kuganda saa chache baada ya kugemwa. Ni lazima utiwe amonia mapema, kisha upitishwe katika mashine inayozungusha kwa kasi kama ile inayotenganisha krimu na maziwa, mpaka mpira uliomo ufike kama asilimia 60 kutoka asilimia 30 hivi ya shambani. Bila kituo cha kazi hiyo karibu na miti, shamba na kiwanda vitatazamana tu juu ya reli. Kwa maoni yetu hapo ndipo fedha zingeelekezwa, kabla ya mtu yeyote kufikiria kukata msitu ili apande mipira zaidi. Bonde hili liliorodheshwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na mpunga wetu, samaki wetu na maji yetu vinategemea libaki na unyevu wake.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, dada mmoja mwenye ekari zake mbili alituuliza kama apande mipira mitano nyuma ya nyumba, ili binti yake akifika umri wa kuolewa apate angalau fedha ya glavu. Tulicheka wote, lakini swali lilikuwa la kweli. Tulimjibu kwamba mipira mitano haitampa mnunuzi, maana hakuna anayekuja kukusanya kikombe kimoja kimoja. Apande michungwa. Na zile glavu alizonunua kwa ajili ya binti aliye mjamzito sasa azitoe juu ya kabati karibu na dirisha, azifunge katika mfuko wake, aziweke chini ya nguo. Alikwenda kuziangalia jioni ile ile. Jozi mbili zilikuwa zimeshaanza kunata.